Mume wa Peres Ukutani

Mama mkwe wangu, Peres, aliubeba ujane wake kwa miaka thelathini na zaidi, na sijaona mtu aliyefanyishwa kazi na ujane kama yeye. Wengine hufiwa, wakalia, wakanyoa nywele, maisha yakaendelea. Yeye alifiwa na mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa.

Serikali ilimchukua mumewe, Ogola, mwaka wa kumi na saba, akabebe mizigo ya wanajeshi kwenye vita vya Wajerumani. Alikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Alimwacha Peres na mtoto mmoja, Odero, ambaye baadaye akawa mume wangu. Vita vikaisha, wenzake wachache wakarudi wamekonda hata mama zao hawakuwatambua. Ogola hakurudi. Wazee walingoja mavuno mawili, halafu wakafanya tunavyofanya sisi Wajaluo mtu akipotelea mbali: wakachuma tunda la mti wa yago, lile refu, zito, wakalililia kama maiti na kulizika kaburini pake.

Basi Peres akarithiwa na shemeji. Shemeji huyo alikula ng'ombe wa marehemu, akamzalisha mabinti wawili, na pombe ikimkolea alimpiga. Peres hakubishana naye. Alisema neno lile lile kila siku: "Mume wangu alifia vitani." Alilisema kisimani, alilisema kanisani, alilisema hata mimi nilipoolewa na kuchelewa kuwasha moto. Mimi nilikuwa nimelichoka, sisemi uongo. Lakini hakuwa na kitu kingine. Hakuwa na kaburi la kweli, wala shati la mumewe, na uso wa Ogola ulikuwa umeanza kumtoka akilini.

Mwaka wa hamsini, Nairobi ilipofanywa jiji, wakubwa waliamua kuonyesha picha za zamani katika ukumbi mmoja katikati ya mji. Odero alikuwa tarishi katika ukumbi huo. Mimi nilikuwa yaya kwa Wahindi, Parklands, na tuliishi katika chumba cha nyuma cha nyumba hiyo. Sisi hatukualikwa kuziona picha hizo. Odero alialikwa kuzitundika.

Alikuwa juu ya ngazi, mwenzake Ngui akimpokeza picha moja moja, Ngui akaanza kucheka.

"Odero, hii ulipigwa lini? Si ni wewe huyu."

Picha ilionyesha wanaume wamesimama kando ya marobota, kaptura za kaki, miguu mitupu. Chini yake karatasi ilisema: Wapagazi, stesheni ya Nairobi. Mwaka haukuandikwa. Na wa tatu kutoka kushoto alikuwa Odero. Paji la uso, masikio, hata ile namna yake ya kuinamisha kichwa kana kwamba anasikiliza. Makarani wote waliitwa waje kuona. "Pacha yako hii," wakasema. "Ulizaliwa umevaa kaptura." Jioni hiyo mume wangu alikuja Parklands mbio mbio, analia na kucheka pamoja.

"Mama Nashon, nimempata baba. Amesimama na mizigo ya vita. Ni mimi mtupu."

Nilifurahi naye, na hilo linaniuma mpaka leo. Tulifurahi kama watu wenye arusi. Tulimtumia mama habari kwa jirani aliyekuwa akienda nyumbani, aje, asiulize kitu. Akaja kwa treni ya Kisumu, na kuku wawili na gauni lake la Umoja wa Akina Mama wa kanisani.

Jumapili asubuhi, ukumbi ukiwa umefungwa, bawabu, Mbithi, alitufungulia mlango wa nyuma. "Nyinyi nendeni upesi," alisema. "Bwana mkubwa akikuja, mimi sijawaona." Tulimpitisha mama mbele ya mabwana wa farasi, mabibi wenye kofia, simba waliouawa. Hakuwatazama. Odero alimshika bega, akamsimamisha mbele ya ile picha, asimwambie lolote. Alitaka amtambue mwenyewe.

Mama alimtambua mara moja. Mkono wake ulipanda ukagusa kioo. Nikasubiri kilio cha furaha. Hakulia. Alitazama picha, akamgeukia mwanawe, akatazama picha tena.

"Odero, una miaka mingapi?"

"Thelathini na minne, mama."

"Na huyu?"

Mume wangu akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Vicheko vyote vile vya makarani, na hakuna kati yetu aliyefikiri. Ogola alikwenda vitani akiwa kijana. Huyu aliyefanana na Odero kama maji na maji alikuwa mtu mzima, mashavu yamebonyea, mvi juu ya masikio. Hakufia vitani. Alikuwa amefika umri wa mwanawe akibeba mizigo stesheni, stesheni ile ile aliposhukia Odero alipokuja kutafuta kazi.

Nilipandwa na hasira. Nikasema, "Kwa hiyo alitukimbia. Wewe unapigwa na shemeji, yeye yuko hapa anakula mkate."

"Nyamaza, Milcah," mama alisema. "Hakukimbia."

Akaketi sakafuni, gauni lake safi na yote.

"Alikuja," alisema. "Yago ilikuwa imezikwa, nimesharithiwa. Ilikuwa jioni, napika. Nikasikia sauti yake nje, inaniita jina langu la nyumbani. Akoth, nifungulie, nimechoka. Shemeji akasema ni mzimu, maiti iliyozikwa haiingii bomani. Mimi niliijua sauti ile. Niliijua, watoto wangu. Lakini niliogopa. Nikafungua mlango kidogo tu, nikamrushia jivu la moto usoni, ndiyo dawa ya mzimu. Akapiga yowe. Mzimu haupigi yowe hivyo."

Odero alisogeza uso karibu na kioo. Hata mimi niliona. Jicho la kushoto la yule mtu lilikuwa limefumba, na ngozi yake imekunjamana mpaka shavuni. Tulikuwa tumedhani ni jua tu lililomfanya afumbe.

Tulimtafuta mwaka mzima, stesheni, mtaani Kariokor, hospitali. Mpagazi mmoja mzee alimkumbuka. Alisema yule mwenye jicho moja aliugua, akazikwa na manispaa kabla ya vita vya pili, na kwamba hakuwahi kutaja kwao.

Novemba iliyopita mchungaji alimwomba mama jina la marehemu, lisomwe kanisani pamoja na ya waliofia vitani, kama kila mwaka. Mama akakataa. Mchungaji akauliza basi mzee alifia wapi.

"Mlangoni pangu," mama akamjibu.