Tui la Mkono

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nalisema mapema, ili ujue ilikuwa kazi gani kwangu kukaa miaka miwili na kitu kizuri ndani ya nyumba bila kukitangaza.

Kitu chenyewe ni kikamulio cha tui. Hapa kwetu Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, tuna minazi kuliko watu, na anayepika mafuta ya nazi hukamua kifumbu, kile kikapu cha kuchujia tui, tangu asubuhi mpaka viganja vinawaka moto. Vyangu vilikuwa vimeanza kugoma, hata kufunga kanga ikawa taabu. Basi nikatafuta mkebe, nikautoboa matundu, nikachukua springi ya pikipiki mbovu na kipande cha mchi. Niliharibu mikebe minne. Wa tano ukakubali: ukishusha mpini, kifumbu kinabanwa na kusokotwa kwa pamoja, kama mikono miwili inavyofanya, na tui linatoka zito. Nilipiga vigelegele peke yangu uani mpaka kuku wakakimbia.

Nikawaonyesha wanawake watano ninaopika nao mafuta. Mmoja wao ni somo yangu, yule aliyenifunda unyago nilipovunja ungo, na yeye ndiye aliyeweka sharti.

"Hili tunaliweka pamoja na ya unyago," akasema. "Aliyefundwa hasemi."

Kila mmoja nikamtengenezea cha kwake, akaenda kukificha. Sababu yao kubwa, nisikufiche, ilikuwa waume. Wanaume wa kwetu wanaapa kuwa tui lisilokamuliwa kwa mkono halina ladha, na mume wa somo ndiye mwapaji mkuu.

Kosa nililifanya mimi mwenyewe. Nilitaka kikamulio cha chuma, nikampelekea changu cha mkebe fundi wa kuchomelea kule Palma, akiige. Nikamwambia, "Fundi, hii ni amana. Usimwonyeshe mtu."

Akaweka mkono kifuani. "Wallahi dada, imeingia kaburini."

Kaburi gani lile lisilo na mlango! Korosho zilipokwisha nikapita pale, nikaviona vikamulio vyangu vimepangwa nje, vimepakwa rangi ya buluu, na yeye anawaambia wateja kuwa kavibuni mwenyewe. Nilimtukana mpaka nikaishiwa maneno, na mimi siishiwi haraka. Akaningoja nimalize, kisha akauliza taratibu, "Dada, una papeli?"

Sikuwa na papeli, hati ya serikali ya kusema kitu ni changu. Mpwa wangu aliyesoma ndiye aliyenieleza. Kitu kikishajulikana na kila mtu, serikali haikiandikishi tena kwa jina la mmoja. Lakini ukiwa umemwonyesha mtu kwa siri, hapo hakijawa cha wote, hata yeye akivunja amana na kukitangaza. Tukaandika ombi, tukalipeleka. Fundi naye akaweka pingamizi: kila mwanamke wa Quionga anakijua, kwa hiyo hakina mwenyewe. Wakimwamini, nimekwisha.

Afisa akaja kutusikiliza kwenye ofisi ya posto, ile ya serikali ya hapa kwetu, dada mmoja wa mji wa Pemba mwenye Kimwani chake kitamu. Nikawaleta mashahidi wangu watano, waeleze jinsi tulivyowekeana siri. Mume wa somo akaja pia, bila kualikwa, maana penye watu hakosi.

"Mama, unakijua kitu hiki?" afisa akamuuliza wa kwanza, akionyesha kikamulio cha buluu mezani.

"Sikijui."

Wa pili akasema ndiyo kwanza anakiona. Nilikuwa nimesahau kuomba wafunguliwe sharti! Na mwenye kulifungua ni somo, aliyekuwa amekaa anatazama dari. Nikamkonyeza. Naye akanikonyeza, kunituliza kwamba siri iko salama. Lo! Nilitaka kulia. Wa tatu, hakijui. Wa nne, hakijui.

Fundi akacheka waziwazi. "Senyora, hata mashahidi wake wanamkana."

Ikafika zamu ya somo. "Mama," afisa akasema, "mwenzako ameandika kuwa unacho nyumbani miaka miwili."

"Ameandika yeye," somo akajibu.

Hapo mumewe akashindwa kuvumilia, akasimama. "Senyora, nyumbani kwangu takataka hiyo haijaingia! Mke wangu anakamua kwa mkono. Tui la mkono mimi nalijua, na jana tu nimelila."

Wa kwanza akaanza kucheka ndani ya kanga. Wa pili akamfuata. Mara wote watano mabega yanatikisika, na somo amejifunika uso kabisa. Afisa akawatazama, akamtazama mzee, akaweka kalamu chini.

"Mama," akamwambia somo polepole, "hapa ukisema, siri haivunjiki. Inalindwa."

Somo akainuka. Hakumtazama afisa, alimtazama mumewe. "Bwana, nisamehe. Kiko uvunguni. Upande wako."

Mzee akakaa. Sasa wanawake wote wakafunguka kwa pamoja, kila mmoja na maficho yake: ndani ya pipa, chini ya magunia, nyuma ya kuni. Afisa akaomba wapunguze kasi, hakuna aliyemsikia.

"Fundi," akasema alipopata nafasi, "umeandika kuwa kila mtu anakijua. Huyu mzee amelala juu yake miaka miwili."

Siku papeli ilipofika, yenye jina langu, nililia kwanza, kisha nikatoka njiani nikatangaza kwa sauti yote niliyokuwa nimeibana. Nilifurahi, wallahi, sijawahi kufurahi vile. Mchana somo akakiweka kikamulio katikati ya ua, akakamua tui mbele ya mumewe, akapika wali na pweza. Sote tukakaa kumtazama mzee. Akatia tonge mdomoni, akatafuna muda mrefu.

"Halina ladha," akasema.

Akamaliza sahani, akaisogeza kwa mkewe bila kututazama. "Ongeza."