Bunduki Nyepesi ya Mama Nkwabi

Nkwabi hapendi kuulizwa habari za bunduki ya upepo. Mwulize habari za ng'ombe, atakusimulia mpaka chai ipoe. Mwulize miaka yake ya mashimoni Mwakitolyo, alikokwenda kutafuta dhahabu akarudi na kovu la goti, atacheka na kukunja suruali akuonyeshe. Lakini ukigusia bunduki, ataangalia chini na kusema, "Ilikuwa bahati mbaya tu," kisha atakumbuka ghafla kwamba kuna ndama hajamfunga. Ndama wote wamefungwa. Na haikuwa bahati mbaya.

Tuanze na mama yake, maana shamba ni lake. Scolastika ana mtama na karanga huko Kishapu, na tangu alipofiwa na mume amelilinda shamba hilo mwenyewe akiwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti kinachosimama katikati ya mashamba yetu. Kombeo mkononi, madonge ya udongo miguuni. Kwelea kwelea wakija kwa wingu lao, hakuna kombeo wala bunduki ya mtu itakayowaweza. Hao huwa tunawasubiria ndege ya kunyunyiza dawa. Shida ya kila siku ni hua wanaoshukia mtama na kindi wanaofukua karanga, na hao Scolastika aliwamudu vizuri sana. Majirani walimtania kwamba hua wa Kishapu wanamjua kwa sura. Ukimkuta nyumbani mtama ukiwa umekomaa, ujue anaumwa.

Mwaka juzi bega lake la kulia likagoma. Donge likawa linatoka kwenye kombeo na kuanguka pale pale chini ya dungu, na hua wanaendelea kula bila hata kugeuza shingo. Nkwabi akamwambia apumzike, amwachie mkwe wake, Violeth, kazi ya kulinda. Mama akamtazama kama aliyeambiwa akalale kaburini.

"Yule mwalimu mstaafu ana bunduki ya upepo," alisema. "Haina baruti, haishtui ng'ombe. Na mimi nitafutie ya kwangu. Iwe nyepesi, ng'wanone."

Ng'wanone ni mwanangu. Aliposema nyepesi alikuwa anasugua bega. Hilo la kusugua bega ulishike, maana Nkwabi aliliona kwa macho yake mawili, na hajaweza kulisahau.

Kibali kiliwasumbua miezi. Barua kwa mtendaji wa kijiji, barua kwenye kata, picha mbili, polisi, njoo kesho, njoo wiki ijayo. Hatimaye karatasi ikatoka, kwa jina la Nkwabi kwa niaba ya familia, naye akavaa shati la kanisani na kupanda gari la asubuhi kwenda Shinyanga mjini.

Muuzaji alikuwa mwanamke, Mwanaima, mjane aliyeachiwa duka na mumewe na kuijua biashara kuliko marehemu. Hakukimbilia kusifia bidhaa. Aliuliza kwanza: unapiga mnyama gani, umbali gani, na nani atakayeishika?

"Hua na kindi. Kutoka dunguni, hatua thelathini hivi. Atashika mama yangu. Amesema iwe nyepesi."

Mwanaima akaweka mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na kitako cha mbao, ya kizamani kidogo, imejaa mkononi. Ya pili ilikuwa nyeusi, kitako cha plastiki, na darubini juu yake. Akazivunja zote mbili mbele yake, yaani aliukunja mtutu wa bunduki kwenda chini mpaka ukalia ka! maana ndivyo zinavyojazwa. Ile ya mbao aliikunja huku anaongea. Ile nyeusi alinyamaza kwanza, akaiegemeza kwenye paja, akasukuma kwa mikono miwili.

"Ukizipima kwenye mizani, hii nyeusi ndiyo nyepesi," alisema. "Lakini springi yake ni ya mwanaume aliyeshiba. Hii ya mbao ni nzito kubeba, nyepesi kukunja. Kwa hua inatosha na kubaki. Mama yako anataka wepesi upi?"

Swali lilikuwa wazi kama mchana. Na Nkwabi angelijibu, kama si Marwa.

Marwa alikuwa amesimama pembeni akingoja kulipia betri za tochi. Mtu mwenye karasha zake mbili Mwakitolyo, anasaga mawe ya watu usiku na mchana, na aliwahi kuwa na Nkwabi kwenye duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, enzi za shida. Yeye alitoka na kitu, Nkwabi alitoka na goti.

"Nkwabi! Bado unahangaika na hua?" Akacheka, akaisukuma ile ya mbao kwa kidole. "Hii ya kuchezea watoto. Mwanaume unashika chuma hiki cheusi, unaona nguruwe pori anakaa pembeni."

Nguruwe pori hakuwemo kwenye barua ya kibali. Hakuwemo hata shambani. Lakini Nkwabi akajiona akiteremka kwenye gari na kile kijiti cha mbao mgongoni, na Marwa akisimulia mashimoni kote. Akaishika ile nyeusi. Akaangalia kwenye darubini, akaona herufi za bango la ng'ambo ya barabara zimemjia puani.

"Mama alisema nyepesi," akasema. "Basi ni hii."

"Mlete mama yako aishike mwenyewe kwanza," Mwanaima alisema. "Bunduki ni kama kiatu, hainunuliwi kwa niaba ya mwingine. Mimi sihami."

"Ni mzee, safari itamchosha."

Uongo huo aliusema bila kupepesa macho. Mwezi mmoja kabla ya hapo mama yake alikuwa amekwenda Shinyanga na kurudi siku hiyohiyo kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu, na aliimba njia nzima.

Nyumbani Scolastika alipokea kifurushi kwa mikono miwili na kusema wabheja, asante, mara tatu. Akaipima bunduki mikononi, akatabasamu, nyepesi kweli. Kisha akajaribu kuikunja. Mtutu ukateremka kidogo, ukakataa. Akajaribu tena akiwa ameketi. Violeth akageuza uso.

"Utazoea, mayu," Nkwabi akamwambia mama.

"Nitazoea," mama akajibu.

Siku nne Nkwabi alishinda chini ya dungu akimkunjia. Mama analenga, anapiga, anamshushia. Yeye anakunja, anaweka risasi ndogo kama punje ya choroko, anampandishia. Shabaha ya mama ilikuwa nzuri hata ikaleta watazamaji. Siku ya tano ilikuwa siku ya mnada Mhunze, na Nkwabi alikuwa na dume la kuuza. Asubuhi mama akamwomba amwachie bunduki ikiwa imekunjwa kabisa, angalau apate risasi moja.

"Haiachwi hivyo, ni hatari, na springi inaharibika. Nitarudi mapema."

Alirudi jua linaelekea kuzama. Dume lilishauzwa tangu saa tano, lakini mnadani kuna nyama choma na kuna watu waliosikia kwamba ana bunduki yenye darubini.

Yaliyotokea alisimuliwa na Violeth. Hua walishuka wengi kabla ya mchana. Mama hakuita mtu. Aliegemeza kitako kwenye nguzo ya dungu, akauvuta mtutu kwa uzito wa mwili wake wote mpaka akadhani umeshika. Haukuwa umeshika. Akauzuia kwa mkono wa kushoto, akapeleka vidole vya kulia kuweka risasi, na mkono wa kushoto ukamchoka. Mtutu ulirudi mahali pake na vidole viwili katikati. Hospitalini walikiokoa cha kati, ingawa hakikunji tena. Cha shahada walikikata.

Wageni walikuja kumpa pole, na kila aliyemlaumu Nkwabi alinyamazishwa na mama. "Kosa ni langu. Nilisema nyepesi, naye akaleta nyepesi. Mtoto angejuaje?" Wageni wakatikisa vichwa, wakasema maneno yanapotosha. Nkwabi alikaa pale akinywa uji wa wageni na kuliacha neno limbebee kosa lake.

Aliirudisha ile nyeusi Shinyanga. Mwanaima aliibadilisha bila maneno mengi, akauliza tu, "Mama hajambo?" Nkwabi akasema hajambo.

Scolastika aliipokea ile ya mbao akiwa ameketi uani. Akaiegemeza gotini, akavuta kwa mkono wa kushoto peke yake. Ka! Ikakubali. Uso wake ukafunguka kama zamani. "Eeh! Hii ndiyo yenyewe!" Akaifunga, akainyanyua begani, akaelekeza mtini, na mkono wa kulia ukaenda kutafuta kifyatulio. Palipokuwa na kidole hapakuwa na kitu. Kile cha kati alikisukuma kwa nguvu, kikakataa kukunja. Akaishusha taratibu, akaipangusa kwa khanga kana kwamba ina vumbi.

Hapo Nkwabi akashindwa kustahimili. "Mayu, mimi nilijua. Dukani niliulizwa wepesi upi, na nilijua. Nilimwonea haya Marwa."

Mama yake akailaza bunduki magotini.

"Siku zote hizo," alisema, "nilidhani umenichagulia ile kwa sababu uliona bado nina nguvu. Ndiyo maana sikumwita mtu. Sikutaka ujue kwamba ulikosea."

Akamkabidhi bunduki, akaingia ndani kuangalia maharage. Nkwabi alibaki uani, na huko shambani hua walikuwa wameshashuka.