Mtu Mzima Naye Anaumia

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado naona haya. Nakusimulia kwa sababu umeanza kazi ya uuguzi wiki hii, na mkono wako bado haujazoea ubaya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimefanya kazi Lodwar muda mfupi, kisha nikahamishiwa kliniki ndogo ya Kakuma. Huko nilimkuta Nyandeng, fundi cherehani aliyekimbia vita Sudan. Alikuwa na kifua kikuu, na alitakiwa kuchomwa sindano kila siku kwa miezi miwili. Ilikuwa dawa nzito, ya kuchomwa kwenye tako, na inauma kweli.

Mimi nilikuwa na haraka na majivuno. Nilimchoma akiwa amesimama, misuli imekaza, spiriti haijakauka. Siku ya tano alilia. Nikamwambia, "Wewe ni mtu mzima, vumilia." Watu kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka nao.

Siku ya sita hakuja. Wala ya saba.

Nilimfuata kwake. Nilimkuta ameinamia cherehani, anakohoa mpaka mabega yanatikisika, na mama yake mzee ameketi karibu naye. Nikamuuliza kama anataka kufa.

"Sista, kufa mimi naogopa," alisema. "Lakini hiyo sindano yako naogopa zaidi."

Siku iliyofuata nilikuwa na safari ya kuchukua dawa Lodwar, nikamweleza Mama Akiru, muuguzi Mturkana aliyenifundisha kazi. Nilitegemea atamlaumu mgonjwa. Yeye aliniambia nikunje mkono wa blauzi. Akachukua sindano mpya, akavuta maji safi ya kuchanganyia dawa, akanichoma begani ghafla. Niliruka. Kisha akaligeukia bega la pili. Alipangusa spiriti, akaiacha ikauke, akaniambia nilegeze mkono. Akabonyeza kwa nguvu mahali pale kwa kidole gumba, akihesabu polepole hadi kumi, huku akiniuliza habari za nyumbani kwetu. Akaondoa kidole, akachoma papo hapo. Niliisikia, lakini haikuwa kama ile ya kwanza hata kidogo.

"Sasa umejua," alisema. "Ukimwumiza mtu bila sababu, usimwambie avumilie. Jifunze kazi."

Niliporudi Kakuma nilikwenda kwa Nyandeng kumwomba msamaha. Siku hiyo aliendelea kushona tu. Kesho yake alikuja, uso umekunjamana. Nilimlaza kifudifudi, nikamwambia aelekeze vidole vya miguu ndani ili tako lilegee. Nilichagua upande ambao haukuchomwa mara ya mwisho. Nikabonyeza, nikahesabu, nikamuuliza nguo anazoshona. Alikuwa bado ananieleza kuhusu kola ya shati nilipomwambia tumemaliza.

"Umeshachoma?" aliuliza.

Kuanzia hapo nilifanya hivyo kwa kila mtu, na foleni ikawa inasogea taratibu. Msimamizi wetu hakupenda. Aliniita mbele ya wagonjwa.

"Hapa si hoteli," alisema. "Hawa ni watu wazima. Choma, mwingine aingie."

"Nyandeng alikuwa ameacha dawa," nilimjibu. "Sasa anakuja. Sitarudia njia ya zamani."

"Nitakuandikia uhamisho."

"Andika. Barua ikifika nitaondoka. Mpaka hapo, nitahesabu hadi kumi."

Usidhani sikuogopa. Lakini niliingia ndani nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Barua ilikuja kweli, ya kunipeleka Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda. Ilipofika, Nyandeng alikuwa ameshamaliza sindano zake zote, ameanza kunenepa. Huko Namoruputh nilibonyeza na kuhesabu vilevile, na hakuna aliyeweza kunizuia.

Basi sikiliza, mwanangu. Watakuambia huna muda. Sekunde kumi unazo. Watakuambia maumivu ya mtu mzima si kitu. Usikubali, hata akisema hivyo mkubwa wako. Acha spiriti ikauke. Mlaze mgonjwa au mkalishe, alegee. Bonyeza kwanza, ongea naye, badilisha upande. Maumivu hayataisha yote, na usimdanganye kwamba yataisha. Lakini yatakayobaki yasiwe yale uliyoyaongeza wewe. Wakikuhamisha kwa ajili hiyo, panda gari uende, ukaendelee huko.

Mungu aipe mikono yako wepesi na moyo wako ukaidi wa kutosha. Na kila utakayemchoma leo, akuamini kiasi cha kurudi kesho.