Barua Yenye Mihuri Mitatu

Mimi huunusa muhuri wa bandia kabla bahasha haijafunguliwa. Waulizeni Wakongomani wote wa mtaa wetu wa Bertrams! Ndiyo maana Jumatatu nilimsindikiza jirani yangu, mlinzi wa duka, hadi mkahawa wa intaneti pale Fordsburg. Alikuwa na barua ya kukubaliwa na chuo kikuu kimoja cha Denmark, yenye mihuri mitatu na utepe mwekundu, lakini ubalozi ulikuwa umemnyima viza.

Dada wa kaunta akafungua orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na serikali ya huko. Akapitisha kidole kwenye skrini, juu hadi chini, mara mbili.

"Kaka, chuo chako hakimo."

"Angalia tena, dada. Mihuri mitatu!"

"Hakimo. Hukuomba kwingine?"

Jirani akataja chuo cha pili. Kidole kikasimama.

"Hiki kimo. Walikujibu?"

"Walinikubali, ila kwa imeili tu, bila hata muhuri mmoja. Nikawakatalia. Niwaandikie tena?"

"Muda wa kuthibitisha nafasi umeshapita. Eish, kaka, nani alikushauri?"

Jirani aligeuka tu akaniangalia, nami nikaanza kuhesabu mapanga ya feni.

Kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Hivyo ndivyo nilivyomwambia majibu ya vyuo yalipokuja, tena kifua mbele.

"Si kitu, Papa," akasema, akiikunja ile barua taratibu kwa mikunjo yake ya zamani.

Bado analinda duka lile lile. Kila asubuhi nikipita ananiamkia, "Shikamoo, Papa." Afadhali angenitukana.