Mikono Mfukoni

Mtaa mzima ulimwonea wivu Wembe. Walisema ameukata. Kinyozi gani huyo, waliuliza, anayeshinda kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe, huku mwingine akimenyeka na hela inaingia yenyewe? Ukipita asubuhi utamkuta hapo, ukirudi jioni utamkuta hapohapo, anasalimia watu kwa kidevu. Kama huo si ubosi, basi hakuna bosi duniani.

Walikosea wote, na sitawalaumu, maana aliyewapa habari hiyo ni yeye mwenyewe.

Jina la Wembe alipewa na wateja wake zamani, kwa sababu ya ule mstari wa kwenye paji la uso. Vinyozi wengine huuchora kidogo kidogo, wakirudia na kurudia, mpaka nywele zinarudi nyuma na mteja anatoka na uso mrefu kuliko alioingia nao. Wembe aliuchora kwa mvuto mmoja, tena akiwa anabishana na mtu wa kiti cha pili kuhusu mpira. Mkewe, alipokuwa hai, alimtania kwamba mikono yake ina akili kuliko kichwa chake. Naye alikubali. Hakuwahi kuwa na kitu kingine cha kuringia.

Chumba chenyewe cha kazi kilijengwa na kaka yake. Kaka Mkubwa, na hata wasio wadogo zake humwita hivyo, alikuwa mwashi. Wakati mdogo wake bado ananyolea watu chini ya turubai, alimjengea kuta nne, tofali kwa tofali, akitumia Jumapili zake zote, bila kibarua wa kumsaidia. Siku ya kupaka rangi Wembe alitaka kumlipa japo kidogo, Kaka akakasirika kabisa.

"Pesa ya nini kati yangu na wewe? Utaninyoa mpaka nife. Tumemalizana."

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi, kabla ya mteja yeyote, Kaka alikaa kwenye kiti cha dirishani, akafumba macho, akanyolewa. Wale wawili hawakuwa watu wa kukumbatiana wala kuulizana mambo ya moyoni. Yote waliyokuwa nayo yalipitia pale kitini.

Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kucheza. Mwanzoni kilicheza akiwa amepumzika tu, anasikiliza taarifa ya habari, naye akakicheka. Baadaye kikavuta vidole vingine, kisha mkono mzima, na wa pili nao ukaiga. Daktari alimtajia jina la ugonjwa, akamwandikia vidonge, akamwambia ukweli bila kuuzungusha: vitapunguza, havitaponya. Wembe alivitia vidonge mfukoni, lile jina akaliacha hukohuko hospitali. Hakumwambia mtu. Nani atampa shingo yake kinyozi anayetetemeka? Watamwita "masikini Wembe," halafu watavuka barabara kwenda kwa mwingine. Na hilo neno masikini lilimtisha kuliko hata kukosa wateja.

Hapo ndipo alipoanza kugawa kazi. Alimchukua Mama Pacha, mwanamke wa makamo anayelea mapacha wake peke yake, aliyetoka kwenye saluni iliyofungwa, akamwambia kwamba sasa anataka kuendesha biashara kisasa: mwenye mali asimamie, fundi afanye. Akamkabidhi kwanza ile mistari ya paji la uso. Baada ya muda akamkabidhi ndevu, kisha vichwa vya watu wazima. Watoto ndio aliobaki nao mwenyewe kwa muda mrefu zaidi, na watu wakamsifu kwa kupenda watoto. Ukweli ni kwamba mtoto hatulii kitini. Kinyozi akikosea, mama mtu atamgombeza mwanawe.

Alimfundisha Mama Pacha vizuri, hilo nimpe haki yake. Kila kitu kwa mdomo. "Usikandamize. Ulaze wembe. Ngozi ivute taratibu, siyo kwa hasira." Mama Pacha alikuwa mwepesi wa kushika na mzito wa kusema. Wakati wa chai alimletea bosi wake kikombe kilichojaa nusu tu. Hakueleza kwa nini, na bosi hakuuliza.

Siku moja akaja jirani mwenye duka la rangi, mtu wa wasiwasi ambaye hata chooni huenda na funguo za duka.

"Ndugu yangu, nipe siri," alisema. "Nimechoka. Lakini nikimwachia mtu duka hata kidogo tu, roho inanitoka. Wewe umewezaje?"

"Ni kuamini watu tu," alisema Wembe.

"Basi, hivyo tu?"

"Na kukubali kwamba si lazima kila kitu ukifanye wewe."

Jirani aliondoka anatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyetoka semina. Wembe alibaki anajiona tapeli.

Kichwa kimoja tu hakukikabidhi kwa mtu. Kila Jumamosi alimeza vidonge mapema, akabana viwiko mbavuni, akamnyoa kaka yake huku jasho linamtoka. Akaweza hivyo kwa muda, mpaka Jumamosi moja wembe ukaruka nyuma ya sikio, damu ikashuka shingoni.

"Umenikata," alisema Kaka, bila ukali.

"Umejisogeza, Kaka."

"Mimi?" Kaka alicheka. "Miaka yote nimekaa hapa kama tofali, leo ndiyo nijisogeze?"

"Umejisogeza."

Kaka akapakwa spiriti, akaenda zake. Wembe aliingia nyuma kuosha wembe, na akakaa huko muda mrefu ambao hakuna wembe unaouhitaji.

Jumamosi iliyofuata, aliyekuja kumfunga Kaka kitambaa shingoni alikuwa Mama Pacha.

"Na wewe?" Kaka alimuuliza mdogo wake kupitia kwenye kioo.

"Mimi siku hizi nasimamia, Kaka. Mama Pacha ana mkono mzuri, utaona."

"Unasimamia."

"Biashara imekua."

Kaka akajifungua kitambaa mwenyewe, akakikunja, akamrudishia Mama Pacha kwa adabu, maana yeye hakuwa na kosa. Alipofika mlangoni akaupiga ukuta kwa kiganja.

"Ukuta huu niliujenga mimi. Sikumtuma mtu."

Wembe angeweza kumkimbilia. Ingetosha kutoa mikono mfukoni na kumwonyesha, maneno yasingehitajika. Hakuitoa. Sijui kama kilikuwa kiburi au hofu, na nadhani hata yeye hakujua.

Kaka alinuna kweli. Alimwambia fundi baiskeli, akawaambia wauza mboga, akamwambia kila mwenye masikio kwamba mdogo wake ameota mapembe. Nywele zake akaziacha ziote, nyeupe, zimesimama kila upande. Kwenda kwa kinyozi mwingine hakutaka, na kurudi kwa Wembe hakutaka. Mwishowe mkewe Kaka akaja pale saluni, akamvuta Wembe pembeni.

"Shemeji, ndugu yako amekuwa kama mtu aliyetoka porini. Wajukuu wanamcheka. Nikimwambia atafute kinyozi, ananijibu kichwa chake kina mtu wake. Hivi nyinyi mnagombania nini?"

"Hatujagombana, shemeji."

"Basi njoo umnyoe."

Jumapili Wembe akaenda na begi lake. Alimkuta kaka yake amekaa uani kwenye stuli. Kaka hakuitikia salamu, ila akageuka, akampa mgongo, akainamisha kichwa. Kwa wale wawili, hiyo ilikuwa karibu sana na msamaha.

Nywele zilikuwa ndefu mno kwa mashine, kwa hiyo Wembe akatoa mkasi. Akakata mara moja kisogoni, likabaki shimo. Akausogeza karibu na sikio, na hapo mkasi ukaanza kugongana wenyewe, haraka haraka, bila kukata kitu. Akajaribu kuushika kwa mikono miwili, ikawa mbaya zaidi.

Kaka aliusikiliza mlio ule. Kisha akapandisha mkono wake, wenye ngozi iliyoharibiwa na saruji, akaukamata mkono wa mdogo wake, akauvuta mbele mpaka usoni pake. Akautazama ukicheza ndani ya mkono wake. Alijaribu kuubana utulie, haukutulia.

"Tangu lini?"

"Muda."

"Kwa hiyo siku ile sikujisogeza."

"Hukujisogeza, Kaka."

"Na ukaniacha nikutangaze mtaa mzima kwamba umeota mapembe."

"Afadhali mapembe," alisema Wembe.

Wembe akalia, mtu mzima na mvi zake, akalia kwa sauti, na shemeji yake aliyekuwa anatoka na chai akarudi nayo ndani. Kunyoa hakukuwepo tena. Wiki nzima Kaka alivaa kofia kuficha lile shimo.

Jumamosi akaja saluni. Hakuja mapema kama zamani. Alikuja wakati benchi limejaa, akakaa nyuma ya jirani wa rangi, akasubiri zamu yake. Ilipofika akakaa kwenye kiti cha dirishani, akamwambia Mama Pacha, "Mama, unisamehe kwa siku ile." Mama Pacha akamnyoa. Alilaza wembe kama alivyofundishwa, akauchora mstari kwa mvuto mmoja, hakuna kosa hata la kutafuta. Wembe alisimama pembeni, hana la kufanya, na akaona kwamba safari hii kaka yake hakufumba macho.

Alipomaliza kufutwa poda, Kaka aliinuka, akajitazama, akashukuru. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa noti, akamnyooshea mdogo wake, kwa kuwa droo ya pesa ilikuwa kwake.

"Acha, Kaka. Wewe hulipi hapa. Tulimalizana zamani."

"Tulimalizana mimi na wewe," Kaka alisema taratibu. "Huyu mama ana watoto."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira, Wembe angepata cha kujibu. Wembe akatoa mikono mfukoni mbele ya watu wote, akaipokea noti, nayo ikapepea vidoleni mwake ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Jirani wa rangi alitazama, kisha akainamia viatu vyake.

Wembe akafungua droo. Akaokota sarafu, ikamponyoka. Akaiokota tena, ikaponyoka na nyingine mbili. Mama Pacha akapiga hatua kwenda kumsaidia, Kaka akamzuia kwa macho. Akakinga kiganja chake juu ya meza, akasubiri chenji.