Mstari wa Vitone

Asubuhi ya kwanza kazini, mjini Kitale, tulikuwa wanne: Daktari Chebet, mkuu wa utafiti, Sista Rosa, muuguzi wa kutoa damu, Barasa, dereva, na mimi Simiyu, niliyefika na baiskeli ya kuzungushia maziwa.

"Huyu amekuja kupima damu ama kutuuzia maziwa?" Barasa akauliza.

"Yeye anajua njia zote za Saboti. Wewe unajua lami tu," Daktari akamjibu.

Niliacha shule darasa la saba, wazazi wetu walipofariki, nikalea wadogo zangu watatu. Daktari hakuniuliza cheti. Aliniuliza, "Ukibisha hodi, watu wanakufungulia?" Nikasema ndiyo. "Basi mengine nitakufundisha."

Na alinifundisha. Tulichunguza homa za virusi vinavyoenezwa na mbu, zile ambazo watu huziita malaria mpaka kipimo kikatae. Nyumba moja, mbu wale wale: mmoja huumwa kichwa siku mbili akarudi shambani, mwingine viungo vinamvimba asiweze kushika kikombe. Umri una sehemu yake, na magonjwa ya awali pia. Daktari alitaka kujua sehemu ya jeni, yaani maagizo ambayo kila mtu hurithi kwa baba na mama, yanayoongoza hata jinsi mwili unavyopigana na virusi.

Kazi yangu ilikuwa mchoro wa ukoo. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke. Aliyeugua vibaya unampaka wino. Mtoto wa kuzaa unamshusha kwa mstari mzima, wa kulea kwa mstari wa vitone. Ukikosea hufuti. Unakata mara moja, kosa libaki likisomeka, kisha unatia sahihi.

Tulipohamishiwa Bungoma, nilikosea katika boma moja upande wa Myanga. Majina ya huko nimeyabadilisha. Nanjala, wa kidato cha tatu, alikuwa amelala wiki nyingi, vidole vimevimba. Mdogo wake aliugua siku moja tu. Nikachora maduara mawili chini ya mama mmoja, wote wakinitazama.

"Mzee, si mtatuambia kwa nini ni mimi nililala hivyo?" Nanjala akauliza. "Ama mkishachukua damu mnapotea?"

"Jibu nitakuletea mwenyewe," nikamwahidi.

Mama yake akanisindikiza. Tulipopita migomba akasema polepole, "Nanjala ni wa marehemu dada yangu. Nilimchukua akiwa wa wiki mbili. Hajui. Ukiandika atasoma, huyo husoma kila kitu."

Kwetu mtoto wa dada ya mama ni ndugu, hana jina lingine. Mdogo wangu wa mwisho huniita baba hadi leo. Lakini mchoro ule ungempotosha Daktari, alinganishe jeni zao kama za watoto wa tumbo moja.

"Mama, nikiuacha hivi, damu ya mtoto itakuwa imetolewa bure."

Akageuka kutazama kama Nanjala anatusikia. "Basi mwambie huyo daktari wako. Yeye peke yake."

Kesho yake nilimwambia Daktari, nikijua nafutwa kazi. Alikuwa ameuona mchoro na kuwafurahia sana hao dada wawili, mama mmoja lakini homa tofauti. Akanipa kalamu. "Kata. Tia sahihi. Karatasi hii ina namba, haina majina, na ufunguo wa kabati ni wangu." Kisha akaingia garini, tukaenda Myanga, akamwambia mama maneno hayo hayo wakichambua mboga pamoja. Kosa langu hakulitaja mbele ya mtu hata siku moja. Nimekuwa na wakubwa wengine. Sijaona wa kumfikia.

Tangu hapo sikuchora kabla ya kusindikizwa. Ukweli wa ukoo watu huusemea njiani, na vijana walionifuata niliwafundisha hivyo.

Sasa nimestaafu. Daktari anasema jeni zinazohusika ni nyingi, kila moja na sehemu yake ndogo, na bado wanatafuta. Juzi Nanjala alinikuta sokoni Bungoma, mtoto mgongoni.

"Mzee, bado nangoja. Sasa nauliza hata kwa ajili ya huyu. Ile homa ilinilaza hivyo kwa sababu ya upande wa mama ama wa baba?"

Nikasema maabara bado. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mara mbili nimemwendea mama yake kumwomba ruhusa. Mara mbili amenipa chai na kunisimulia habari za mahindi. Jibu la maabara Daktari atalileta siku moja. Hili lingine, la nani alimzaa, ni sehemu ya jibu nililoahidi mimi, na siwezi kulitoa mpaka mama huyo anisindikize tena na kuniambia, sasa mwambie.