Bibi Harusi wa Maua ya Cheri

Juzi nilikuta gari langu limefunikwa na petali za maua ya cheri, nikamkumbuka bibi harusi wangu.

Nilikuwa mdogo. Mama, aliyekuwa muuguzi, alialikwa na mwenzake wa kazini, Mjapani, tukale chini ya miti ya cheri iliyochanua kando ya maji huko Washington. Tulivaa nguo za kanisani. Mama alibeba hotipoti ya chapati, na harufu yake ilinitesa njia nzima. Tulikuta watu wamekaa kwenye mikeka, vyakula vimejaa, lakini hakuna anayekula; macho yote yako juu kwenye maua. Nikajua ni harusi, na bibi harusi amechelewa.

Mara akatokea mama mmoja mzee amevaa kimono, joho la Kijapani, akitembea polepole huku petali zikimwangukia.

"Mum, bibi harusi ndiye huyo," nikasema.

Mama hakuuliza, akapiga vigelegele. Watu wa mikeka yote wakageuka. Yule mzee akasimama, akainama kwa heshima, akapigiwa makofi.

Sasa najua walikuja tu kuyatazama maua kabla hayajapukutika. Mama naye anajua, lakini kila mwaka maua yakichanua bado anapiga vigelegele. Nikimwambia hakuna harusi, hunijibu, "Na haya mapambo yote ni ya nini?"